Ilya Metchnikoff: Mtaalamu Aliyeita Kuvu Kuokoa Ngano

Leo tunawaletea wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu ambaye hakuongoza kikosi chochote wala kufyatua risasi, lakini ambaye umri wake wote aliutumia kuchunguza mapambano. Mapambano hayo ni madogo mno hata macho hayayaoni. Hutokea ndani ya mwili wa funza chini ya udongo, ndani ya damu ya mwanadamu mwenye jeraha, na juu ya jani la mkahawa ambapo kuvu humvamia mdudu anayefyonza utomvu. Mtu huyo ni Ilya Ilyich Metchnikoff, na yafaa kila askari amjue, kwani hakuna jeshi litembealo bila chakula, wala hakuna majeruhi aponaye bila ulinzi ulio ndani ya damu yake mwenyewe.

Metchnikoff alizaliwa mwezi Mei mwaka 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Dola ya Urusi na ambayo leo ni Ukraine. Baba yake alikuwa afisa wa kikosi cha walinzi wa Mfalme wa Urusi, mtu mwenye mashamba katika mbuga pana za nchi ile. Ilya alikuwa kitinda mimba. Kaka yake mmoja, Lev, aliyavuka mataifa akaenda Italia kupigana chini ya Garibaldi, na huko akajeruhiwa. Ilya hakuvutwa na upanga. Tangu utotoni alipenda kuchungua mimea na wadudu, na inasemekana kwamba aliwakusanya watoto wenzake akawafundisha yale aliyoyaona.

Akili yake ilikuwa nyepesi mno. Alimaliza shule ya juu mwaka 1862 kwa kupata medali ya dhahabu, kisha akayamaliza masomo ya Chuo Kikuu cha Kharkov kwa muda wa miaka miwili, badala ya minne iliyowekwa. Akaenda Ujerumani na Italia kujiongezea elimu, hasa elimu ya wanyama wadogo wa baharini. Mwaka 1867 yeye na rafiki yake Alexander Kovalevsky waligawana tuzo kubwa ya elimu ya viumbe nchini Urusi. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi. Baada ya kupitia St. Petersburg, alirudi Odessa mwaka 1870 akiwa profesa.

Lakini mambo ya dunia hayaendi kwa medali peke yake. Mwaka 1869 Metchnikoff alimwoa Ludmila Feodorovitch, binti aliyekwisha kushikwa na kifua kikuu. Siku ya arusi bibi arusi hakuwa na nguvu za kutembea, ikabidi abebwe kitini mpaka kanisani. Kwa miaka minne mume alihangaika kumwokoa. Alifanya kazi usiku na mchana, macho yake yakaumia, fedha zikamwishia. Alimhamisha mkewe kutoka kwenye baridi ya Urusi akampeleka katika nchi za joto, na mwisho katika kisiwa cha Madeira. Huko Ludmila alifariki mwezi Aprili mwaka 1873. Mjane huyo alikata tamaa kabisa, akajaribu kuyaondoa maisha yake, lakini hakufa.

Tunalitaja jambo hili bila kuficha, kwa sababu majonzi ya namna hii huwapata hata watu hodari, na katika kambi zetu wako wanaoyajua. Kama Metchnikoff angalikufa mwaka ule, dunia isingalijua kitu alichokuwa amebakiza. Kazi zake zote tutakazozieleza hapa chini, bila kubakiza hata moja, zilikuja baada ya siku ile. Mwaka 1875 alimwoa Olga Belokopytova, msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye akawa msaidizi wake katika utafiti mpaka mwisho wa uhai wake.

Sasa tufike kwenye ngano. Katika miaka ya 1870 mashamba ya kusini ya Dola ya Urusi, pande za Odessa na Kherson, yalivamiwa na mbawakawa mmoja ambaye wataalamu humwita Anisoplia austriaca. Mdudu mzima hupanda juu ya suke la ngano na kuila punje ingali laini, na nyingine huziangusha chini zikapotea. Funza wake hukaa ardhini na kutafuna mizizi. Nchi ile ilikuwa ghala la ngano, na ngano hiyo ndiyo iliyopakiwa melini katika bandari ya Odessa. Kwa mkulima maskini, suke tupu lilikuwa na maana ya watoto kulala na njaa na kodi kukosa kulipwa. Vijiji vizima vilitoka kuwaokota wadudu kwa mikono, lakini ilikuwa sawa na kuteka maji ya bahari kwa kikombe.

Wakuu wa majimbo walitafuta ushauri kwa wataalamu, na Metchnikoff akaingia kazini. Hakuanza kwa kutafuta sumu. Alianza kwa kuuliza swali ambalo kila afisa wa upelelezi angeliuliza: adui huyu naye anaogopa nani? Alichimbua funza wengi ardhini, akawatenga waliougua, akawachunguza mmoja mmoja kwa hadubini. Aliona kwamba baadhi yao hufa kwa maradhi. Miongoni mwa maradhi hayo moja lilimvutia zaidi. Funza aliyekufa kwalo hakuoza. Mwili wake ulikauka na kuwa mgumu, ukafunikwa na uzi mweupe mfano wa pamba, kisha pamba ile ikageuka rangi na kuwa kijani. Ilikuwa kuvu, ndugu wa ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala.

Mwaka 1879 Metchnikoff alichapisha mjini Odessa kijitabu kuhusu maradhi ya funza wa mbawakawa wa ngano. Humo aliieleza kuvu hiyo na kuipa jina litokanalo na jina la mdudu mwenyewe. Mwaka 1883 mtaalamu mwenziwe, Sorokin, aliipanga katika jamii ya Metarhizium, na tangu hapo ikajulikana kwa jina la Metarhizium anisopliae. Haikuwa mara ya kwanza kwa kuvu kushikwa ikiua wadudu. Mwitalia Agostino Bassi alikwisha kuthibitisha mwaka 1835 kwamba maradhi meupe yaliyoteketeza viwavi wa hariri huletwa na kuvu na huambukizwa kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Lakini Bassi alitaka kuwaokoa wadudu wake wasife. Metchnikoff aliligeuza jambo hilo juu chini: kama kuvu yaweza kumwangamiza mdudu tumpendaye, kwa nini isitumwe kumwangamiza yule tumchukiaye?

Hapana budi tueleze jinsi silaha hii inavyofanya kazi. Kuvu huzaa mbegu ndogo sana, nyepesi kama vumbi. Mbegu ikimwangukia mdudu, hujigandisha juu ya ngozi yake. Ikipata unyevu wa kutosha huchipua, kisha hutoa dawa zinazoyeyusha ngozi ile ngumu, na papo hapo huisukuma kwa nguvu mpaka ipenye. Ikiisha kuingia, huenea ndani ya damu, hula chakula cha mdudu na kutoa sumu. Baada ya siku kadhaa mdudu hufa. Hewa ikiwa na unyevu, kuvu hutoka tena nje kupitia katika ngozi ya maiti, huzaa mbegu mpya kwa maelfu na maelfu, na upepo, mvua na wadudu wengine huzisambaza.

Hapa ndipo kuvu inapozipita silaha nyingine za namna hii. Bakteria na virusi vingi vya wadudu sharti viliwe pamoja na chakula ndipo viue. Lakini wako wadudu wasiotafuna jani kabisa. Mfano ni wadudu wenye magamba, wanaoonekana kama vipele juu ya majani na vijiti vya mikahawa na michungwa. Mdudu huyu huuchoma mdomo wake mrefu ndani ya mmea, hufyonza utomvu, na mara nyingi hakai tena kuhama maisha yake yote. Hujificha chini ya gamba lake kama askari ndani ya handaki. Tena huyatoa maji matamu yanayowavuta sisimizi, na sisimizi hao humlinda dhidi ya maadui zake wengine. Kwa adui wa namna hiyo, kitu kinachopenya ngozini chenyewe bila kungoja kuliwa kina thamani kubwa.

Metchnikoff hakuridhika na kuona tu. Aliwachukua funza wazima akawagusanisha na mbegu za kuvu, nao wakaugua. Kisha akatafuta namna ya kuikuza kuvu nje ya mwili wa mdudu, kwani jeshi haliwezi kungoja risasi ziokotwe mojamoja porini. Akafaulu kuikuza juu ya uji wa kimea kitumiwacho kutengenezea bia. Mwaka 1884 mwanasayansi Isaac Krassilstschik aliliendeleza wazo hilo akafungua karakana huko Smela, katika jimbo la Kiev, akatengeneza kilo 55 za mbegu za kuvu kwa muda wa miezi minne, ili zitumike dhidi ya fukusi aliyekuwa akiharibu mashamba ya biti za sukari. Ilikuwa karakana ya kwanza ya namna yake kufahamika.

Wakati huo Metchnikoff mwenyewe alikuwa amekwisha kupigwa tena na maisha. Mwaka 1880 Olga alishikwa na homa kali ya matumbo, akakaribia kufa. Mume, ambaye moyo wake mwenyewe ulikuwa mgonjwa, alizongwa tena na giza la zamani. Mwaka 1881 alijidunga damu ya mtu aliyekuwa na homa ya kurudiarudia, ndugu wa ile homa ya papasi tuijuayo sisi. Alisema kwamba ataka kujua kama maradhi hayo huambukizwa kwa damu, ingawa waliomjua hawakuwa na shaka kwamba alikuwa pia anakitafuta kifo. Aliugua sana, akapona. Kwa ajabu ya Mungu, alipoinuka kitandani alikuwa mtu mwingine, mwenye hamu ya kuishi, na tangu hapo hakurudia tena kujaribu kujiua.

Mwaka huohuo Mfalme Alexander wa Pili aliuawa, na vyuo vikuu vya Urusi vikaingiwa na msukosuko wa siasa. Mwaka 1882 Metchnikoff alijiuzulu, akaenda na jamaa yake Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja mwishoni mwa mwaka huo watu wa nyumbani walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki peke yake na hadubini. Alikuwa akiwatazama watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo, akaona chembe zikitembea ndani yao. Likamjia wazo kwamba huenda chembe hizo ni walinzi. Alichukua miiba bustanini akawachoma nayo. Asubuhi ya pili aliona chembe zimekimbilia mahali palipochomwa, zimeuzingira mwiba pande zote, kama askari wa doria wanavyomzingira mvamizi.

Lakini mwiba si maradhi. Alihitaji adui aliye hai, na adui huyo akampata tena katika kuvu. Katika viroboto wa majini, wanyama wadogo sana wakaao mabwawani, aligundua maradhi yaletwayo na kuvu ya jamii ya hamira, yenye mbegu kali kama sindano. Kiroboto akiimeza, mbegu hutoboa utumbo na kuingia mwilini. Hapo chembe za ulinzi huishambulia, huimeza na kuiyeyusha. Zikifaulu, kiroboto huishi. Mbegu zikiwa nyingi kuliko walinzi, kuvu huzaana na kiroboto hufa. Habari hizo alizitangaza mwaka 1884. Hivyo mtu yule aliyekuwa ameituma kuvu kushambulia mwaka 1879, miaka mitano baadaye aliweza kuiona vita hiyohiyo kutoka upande wa anayeshambuliwa. Akaamini kwamba chembe nyeupe za damu ya binadamu hufanya kazi ileile kila tunapojeruhiwa au kuingiwa na vijidudu.

Wataalamu wengi, hasa wa Ujerumani, walimpinga kwa ukali. Wao walishika kwamba kinga imo katika maji ya damu na wala si katika chembe zake. Mwaka 1886 Metchnikoff alirudi Odessa kuongoza kituo kipya kilichotoa chanjo ya Pasteur dhidi ya kichaa cha mbwa, lakini lawama na fitina zikamchosha. Mwaka 1888 Louis Pasteur akampa nafasi katika taasisi yake mpya mjini Paris, naye akafanya kazi hapo mpaka kufa kwake. Kwa miaka zaidi ya 20 aliitetea hoja yake kwa majaribio juu ya majaribio. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich, bingwa wa upande ule uliomkabili. Kumbe wote wawili walikuwa na haki: chembe na maji ya damu ni majeshi mawili yenye kusaidiana. Katika miaka hiyo ya uzeeni alivuma pia kwa kuwahimiza watu wanywe maziwa ya mgando kwa ajili ya afya ya matumbo, jambo ambalo wafugaji wetu wasingalilishangaa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, vijana wengi wa taasisi ile waliitwa vitani na vyumba vya utafiti vikabaki kimya. Mzee huyo aliyeamini kwamba elimu ingewaokoa wanadamu alihuzunika mno. Alifariki kwa maradhi ya moyo mjini Paris mwezi Julai mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 71. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Je, kuvu yake ilishinda ile vita ya ngano? Haifai tupambe maneno: haikuushinda uvamizi ule peke yake. Kuvu hutaka unyevu na joto la kadiri. Jua kali huziua mbegu zake, na ukame huzilaza. Tena haiui kwa dakika bali kwa siku, na mkulima anayeona shamba likiliwa hana subira. Baadaye, dawa za sumu zilipopatikana kwa urahisi, wengi waliisahau kuvu kabisa.

Hata hivyo wako waliokumbuka. Mwaka 1897 huko Florida, nchini Marekani, mtaalamu P. H. Rolfs alieleza juu ya kuvu iwauayo wadudu wenye magamba katika miti ya matunda, na wakulima wa michungwa wa huko wakajifunza kupulizia mbegu za kuvu mitini. Mwaka 1898 kisiwani Java, mtaalamu Zimmermann aliieleza kuvu nyeupe iwauayo wadudu wa kijani wenye magamba katika mikahawa. Mkulima wa kahawa akiona majira ya mvua magamba yaliyozungukwa na utando mweupe, asikimbilie kuyapiga sumu, maana huenda yule ni msaidizi wake aliyekuja bila kuitwa, na sumu zinazoua kuvu humwondoa msaidizi huyo na kumwacha adui.

Kwa upande wa nzige, jambo hili limetufikia mlangoni. Mwezi Februari mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoingia Uganda, askari walipelekwa Karamoja kuwapiga dawa, na wengi wao wanaujua uzito wa mabomba yale mgongoni na ukali wa harufu yake. Wakati huohuo nchini Somalia ilitumika dawa iliyotengenezwa kwa mbegu za Metarhizium acridum, ndugu wa kuvu ile ya Odessa. Nchini Tanzania dawa ya kuvu hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa mwaka 2009 dhidi ya nzige wekundu, katika mabonde ya Katavi, Rukwa na Malagarasi. Faida yake ni kwamba humlenga nzige na jamaa zake, ikawaacha nyuki, ndege, mifugo na watu salama. Udhaifu wake ni uleule wa mwaka 1879, yaani haina haraka. Kwa hiyo hutumiwa mapema, nzige wangali wachanga wasiokuwa na mbawa, katika mazalio yao. Kundi likiisha kuruka na kutua juu ya mtama wa watu, wakati wake umepita.

Hilo ni fundisho ambalo askari hahitaji kuelezwa mara mbili. Adui hupigwa maandalioni mwake, kabla hajajipanga, na kwa silaha iliyoandaliwa siku ambazo wengine walikuwa wamelala. Hayo hayawezekani bila watu wa kuchimbua udongo na kuwachunguza funza mmoja mmoja, kazi isiyo na ngoma wala gwaride. Metchnikoff aliifanya kazi hiyo akiwa na macho mabovu, moyo mgonjwa na msiba usiosahaulika. Mara mbili alitaka kuiacha dunia, na mara mbili akabaki. Wakulima wa nchi nyingi, pamoja na kila majeruhi ambaye daktari wake anajua maana ya chembe nyeupe za damu, wamefaidika kwa kubaki kwake.